Kano la Mgema

Nimemjua yule mgema kwa miaka tisa, na katika miaka yote hiyo sikumsikia hata mara moja akikiri kwamba anaumwa. Alikuwa akija kituo chetu cha afya pale Magarini akichechemea, anashika mwimo wa mlango, anavuta pumzi, kisha anasema, "Nimekuja kukujulia hali tu, mwanangu." Mimi ni tabibu wa viungo. Chumba changu kina kitanda kimoja, mpira wa mazoezi usiokaa upepo, na dirisha linalotazama minazi aliyokuwa akiigema. Hakuna mtu anayemjulia hali tabibu wa viungo saa nne asubuhi, na kila nilipomwambia hivyo alijibu, "Basi kama una nafasi tazama na huu mguu, nisije nikawa nimekuja bure."

Alikuwa mwembamba, mikono mirefu, nyayo ngumu zilizopasuka kwa miaka ya kukanyaga vipandio vilivyochongwa kwenye mashina. Ubaya ulikuwa nyuma ya kisigino cha kushoto. Pale kuna kano kubwa kuliko yote mwilini, ule mshipi unaounganisha nyama ya mguu na mfupa. La kulia lilikuwa jembamba na limekaza vizuri kama kamba ya kuanikia nguo. La kushoto lilikuwa nene mara mbili, limefura katikati, na ukiliwekea kidole lina joto. Nikibonyeza alikuwa anaangalia dari na kuniuliza habari za mamangu.

Kazi yake haikumpa nafasi ya kuugua, hilo nalikubali. Mgema hukata kipande chembamba cha karara la mnazi, kile kikonyo cha maua, asubuhi, maji yanaanza kutona kwenye kibuyu, na jioni anapanda tena kukata kipande kingine. Kidonda kikiachwa siku chache kinajifunga, maji yanakoma, na mnazi ule unakuwa hauna faida mpaka utoe karara jingine. Alikuwa na minazi kumi na minne. Ardhi haikuwa yake, ilikuwa ya familia moja iliyohamia mjini Malindi, na yeye alikuwa na haki ya kugema kadiri alivyoendelea kupanda. Kila nilipokuwa namwandikia mgonjwa mwingine dawa ya kupumzika, nikiinua macho namwona dirishani yuko juu, kile kisigino kimejikunja, kano limevutika kabisa. Nilikuwa nafunga pazia kwa hasira.

Watu humsifu mgema kwa tembo lake, na la kwake lilisifiwa mpaka Dabaso, lakini yeye mwenyewe alikuwa hanywi. Alionja kwa ncha ya ulimi, akatema, akajua. Walevi aliwachukia na kuwauzia. Jumapili alikuwa wa kwanza kanisani, na kotama, kile kisu chake kilichopinda, alikichomeka nje kwenye ua wa michongoma, maana mchungaji alikuwa akihubiri dhidi ya tembo karibu kila wiki. Mahubiri yakirefuka, yeye anainuka polepole, anatoka kwa heshima zote, na watu wanajua saa ya kupanda imefika. Mke wa mchungaji ndiye aliyekuwa akimtumia ujumbe amwekee tembo tamu la kuumulia vitumbua. Mgema alinisimulia hilo akicheka hadi akakohoa, kisha akanikataza kulisema. Ameniudhi vya kutosha, nalisema.

Juu ya mnazi alikuwa haogopi chochote, lakini sindano aliiogopa kama mtoto. Muuza dawa mmoja barabarani aliwahi kujitolea kumchoma sindano ya kuondoa maumivu moja kwa moja kwenye kisigino, apande jioni ile ile. Alikimbia. Baadaye akawaeleza watu kwamba alikataa kwa sababu daktari wake, yaani mimi, alimkataza. Ilikuwa ndiyo mara ya pekee kwa miaka kadhaa niliyosikia amenitii, na haikuwa kweli.

Kuna kisa cha mbuzi ambacho mpaka leo nikikikumbuka natamani kupiga meza. Mbuzi wake wa maziwa alivunjika mguu. Mgema akamfunga vijiti viwili na kitambaa, akamtengea pembe ya banda, akawa anamkatia majani na kumpelekea mwenyewe kinywani, wiki tano nzima. Watoto wakimsogelea aliwafokea: "Mwacheni apumzike! Mguu unajishona!" Nilikwenda kumwona mbuzi huyo, nikaona kazi safi kabisa, nikamwuliza mbona yeye mwenyewe hajifanyii hivyo.

"Mbuzi hana minazi," akanijibu.

Alikuwa mwepesi wa majibu ya namna hiyo, na mimi nilikuwa mzito. Akiniona nimenuna ananichokoza. "Wewe tembo hulijui hata harufu yake, mtoto wa mjini, halafu wataka kunifundisha kupanda." Nami nilikuwa nikimjibu kwamba simfundishi kupanda, namfundisha kushuka.

Lakini sitakuwa mkweli nikimtupia lawama zote. Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, koti jeupe lina mikunjo ya dukani, naye akaja na kano limechanika kidogo, limevimba limekuwa jekundu. Nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua, "Uvimbe ni adui, mzee. Tunaufukuza leo leo." Nikampa barafu, nikampa na vidonge vya kuondoa uvimbe, vya kutosha. Siku ya tatu mguu umekauka, maumivu hayapo, mtu yuko juu ya mnazi. Alinisifu kila mahali. Tangu hapo kisigino kikivimba alikwenda mwenyewe duka la dawa akanunua vidonge vilevile, akameza, akapanda. Aliendelea hivyo miaka sita. Wagema wenzake nao aliwafundisha: uvimbe ni adui, daktari amesema.

Kisha nikapelekwa semina mjini Kilifi. Mwalimu mmoja mpole alituonyesha picha za kano lililokatwa na kukuzwa, na hapo ndipo nilipojisikia vibaya. Alieleza kwamba ndani ya kano zimo seli changa, chache, zimetulia, bado hazijaamua zitakuwa nini. Kano likichanika, ule uvimbe na joto la siku za mwanzo ndio unaoziamsha na kuziita palipoumia, ziongezeke, zianze kujenga nyuzi mpya. Ukiuzima mapema mno, huenda ukazinyima mwito. Lakini uvimbe ukikataa kuondoka, wiki ikaingia wiki, mwezi ukaingia mwezi, seli zilezile zinapotea njia. Badala ya nyuzi za kano, nyingine zinageuka mafuta, nyingine zinakuwa ngumu kama mfupa, nyingine zinajaza kovu lisilo na nguvu. Alikuwa mwangalifu, akasema mengi ya haya yameonekana kwa wanyama na kwenye maabara, na kwa binadamu bado yanachunguzwa. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa naona kisigino kimoja tu mbele yangu.

Niliporudi nilimwita, kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyemwita. Alikaa kitandani, mguu unaning'inia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini? Umenitisha."

"Ule uvimbe si adui," nikamwambia. "Siku za mwanzo unahitajika. Unaita seli changa zije kujenga kano. Ule wingi wa vidonge mwanzoni haukufaa, na kuvimeza kila mara ili upande nako hakufai."

"Aka! Si wewe uliyeniambia ni adui?"

"Nilikosea."

"Miaka sita nafukuza adui, leo waniambia ni mgeni?"

"Ni mgeni wa siku chache. Akikaa sana anaharibu nyumba. Ndiyo maana nataka upumzike, uvimbe uje, ufanye kazi yake, uondoke wenyewe. Halafu tutaanza mazoezi pole pole."

 Alikuwa anatazama minazi yake dirishani, na midomo inacheza kama mtu anayehesabu. "Kwa hivyo uvimbe ndio unaoleta maji," akasema.

"Si maji, mzee. Ni seli."

"Vidzo," akasema, yaani ni vyema, kwa Kigiriama chake. "Nimeelewa."

Akashuka kitandani, akaenda zake. Nami, mjinga wa watu, nikajiona nimeshinda. Vidonge aliviacha kweli. Muuza dawa wa dukani aliniambia hamwoni tena.

Miezi ikapita, na kano likazidi kuwa nene. Joto likawa halipoi hata akikaa siku mbili bila kupanda kwa sababu ya mvua. Sikuelewa. Nilimbadilishia mazoezi, nilimpimia kiatu chenye kisigino kilichoinuka, nikamwuliza kama anaficha jambo, akaapa kwa Mulungu kwamba anafanya nilivyosema. Mkewe ndiye aliyenipa habari, siku aliyokuja kwa ajili ya mgongo wake mwenyewe. Nilikuwa namkanda, tunazungumza ya dunia, akasema, "Mume wangu naye kazi anayo, asubuhi na jioni na maji yake ya moto."

"Maji gani ya moto?"

"Si yale uliyomwambia? Maji ya chumvi. Anajikanda, kisha anauchua mguu kwa mgongo wa kotama mpaka uwake. Akiona umeanza kutulia anauchua zaidi."

Niliacha mgongo wa yule mama palepale. Nilivuka barabara na koti langu, nikamkuta mgema anasuuza vibuyu. Nikamwuliza nani alimwambia afanye vile. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba hakuwa anadanganya.

"Wewe," akasema. "Uvimbe unaita zile seli. Sasa mimi nina karara hapa na nina mguu. Karara nisipolikata asubuhi na jioni linafunga, maji hayaji. Mguu nao nikiuacha utafunga. Nataka seli zije nyingi."

"Nilikwambia mgeni wa siku chache!"

"Nilisikia. Lakini mgeni akiwa anakuletea mali kila siku, utamfukuza?"

Nilipiga kelele. Sijivunii, watu walitoka nje kutazama. Nilimwambia anauchoma mguu wake kwa mikono yake mwenyewe, zile seli anazozitaka anazipoteza, anazigeuza mawe. Yeye alisimama na kibuyu mkononi, akasubiri nimalize, akasema kwa upole, "Ungeniambia tangu mwanzo yote mawili kwa pamoja." Nilikuwa nimemwambia yote mawili kwa pamoja. Lakini yeye maisha yake yote ameishi kwa kidonda kinachokatwa kila siku na kutoa, na mimi nilimletea habari ya kidonda, sikufikiri angeisikiaje. Nilirudi chumbani nikakaa juu ya ule mpira, nikalia kwa hasira, na mkewe akanibembeleza mimi badala ya mimi kumtibu yeye.

Maji ya moto aliyaacha, baada ya mimi kumlinganisha na mbuzi wake mara nyingi hadi akachoka. Kupanda hakuacha. Tulikaa hivyo karibu mwaka, mimi nyuma ya pazia, yeye juu.

Kano lilikatika asubuhi moja akiwa kwenye kipandio cha pili tu, bahati yake. Wanaokatikiwa na kano hilo husema wamesikia kama kupigwa jiwe kwa nyuma, naye hakuwa tofauti. Alianguka mchangani, akageuka akiwa ameketi, akaanza kumtukana mgema mwenzake wa ng'ambo ya barabara aliyekuwa akipita na kibuyu chake. "Umenipigia nini? Nimekukosea nini?" Yule maskini ameshangaa, mkono mmoja umeshika kibuyu, mwingine mtupu. Nilipofika nikamlaza mzee kifudifudi, nikakamua nyama ya mguu, wayo haukusogea. Nilijua. Nyuma ya kisigino palikuwa na shimo, kidole changu kilizama.

Walimshona hospitali kubwa. Daktari wa upasuaji alinipigia simu akaniambia kwamba ndani aliona kano limekuwa la kijivu, laini, lenye punje ngumu kama mchanga. Akauliza, huyu mtu amekuwa akiumwa muda gani? Nikamwambia muda mrefu. Sikumwambia mengine.

Nilimtembelea nyumbani, mguu umo kwenye plasta, umewekwa juu ya gunia la makumbi ya nazi. Kwa mara ya kwanza hakunitania. Alinieleza kama anamweleza mtoto: mnazi usipokatwa wiki moja, karara limekufa. Ukipita mwezi, mwenye shamba ataita mtu mwingine. Na mnazi ukishauzoea mkono wa mtu mwingine, wagema hawakubali tena mtu wa zamani aupande, ni kama kumvunjia mwenzako nyumba. Mimi nilikuwa nimekwisha kasirika kabla hajafika mwisho.

"Kwanza mguu, mzee. Bila mguu hiyo minazi ya nini?"

Akaigusa plasta. Halafu akauliza, "Nikitii kila kitu. Kila kitu, mwanangu, sijifanyi mjanja. Nitapanda tena?"

"Utapanda," nikasema.

"Niahidi."

"Nakuahidi."

Alitii kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumwona. Uvimbe wa baada ya upasuaji ulikuja, akauacha. Alikuwa akinitumia ujumbe wa simu kuniuliza kama joto la leo ni la haki au limezidi. Siku zilipofika ukapungua wenyewe, bila kidonge kisichoandikwa na hospitali, bila tone la maji ya moto. Plasta ikatoka, akavaa kiatu kigumu, akatembea kwa magongo, akaanza mazoezi ya kukunja wayo, mara nilizosema na si moja zaidi. Kano likaanza kujikaza. Nikiligusa lilikuwa baridi kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nilifurahi mno. Dirishani niliona kwamba mgema wa ng'ambo amekuwa akipanda ile minazi kumi na minne, nikasema moyoni, angalau anamshikia mwenzake. Baadaye nikahamishiwa Mnarani kwa muda, mazoezi ya mwisho nikampa kwa simu, na kila nilipomwuliza habari alijibu: mguu mzuri.

Nilirudi Magarini baada ya miezi saba. Sikumkuta nyumbani, nikaelekezwa sokoni. Alikuwa nyuma ya kibanda cha mfanyabiashara wa nazi, mbele yake chuma kilichosimamishwa ardhini, anafua nazi. Anaikita kwenye chuma, anaisokota, kumbi linang'oka, anaitupa, anachukua nyingine. Uzito wote ulikuwa juu ya mguu wa kushoto. Nilisimama nikautazama ule mguu unavyosukuma ardhi, nikasahau hata kumwamkia.

"Vua kiatu," nikamwambia.

Akacheka. Akavua. Nikamshika bega, nikamwambia ainuke kwa vidole vya mguu wa kushoto peke yake, kisigino juu, ashuke, ainuke tena, na mimi nahesabu. Wanawake wa mboga wakageuka kutazama, mmoja akawa ananisaidia kuhesabu kwa sauti. Kumi. Kumi na tano. Jasho linamtoka lakini mguu hautetemeki. Ishirini. Alipofika ishirini na tano, kipimo cha mtu mzima asiye na kasoro, nilipiga makofi katikati ya soko kama mwendawazimu.

"Sasa mzee, sikia. Huu mguu unapanda mnazi! Si nilikwambia? Kesho nataka nikuone dirishani."

Alivaa kiatu chake taratibu. "Nitapanda wapi?" akauliza.

"Minazi yako."

"Ile ina mkono mwingine sasa. Nilikwenda kwa mwenye shamba, akaniambia imemzoea yule na maji yanatoka vizuri, hawezi kumtoa. Nikamwendea mgema mwenyewe, akalia, lakini naye ana watoto. Mashamba mengine yamekatwa, wanajenga. Nimezunguka mpaka Dabaso. Mgema wa umri wangu asiye na minazi hakuna anayempa mipya."

"Mbona hukuniambia? Nilikuwa nakupigia kila wiki."

"Ulikuwa unauliza mguu."

 Nilianza kusema kwamba nitakwenda kumwona mwenye shamba mwenyewe, kwamba nitaandika barua, naye akanitazama kwa huruma ya aina ambayo mimi huwatazama nayo wagonjwa. Aliinama akakipigapiga kile kisigino, mara mbili, kama anayempiga ng'ombe wa mtu mwingine mgongoni.

"Umeutengeneza vizuri, mwanangu. Huu ni mguu wako. Mimi niliutaka kwa ajili ya minazi."

Akachukua nazi nyingine, akaikita kwenye chuma. Jioni ile niliporudi chumbani nilifungua faili lake na kuandika kwamba mgonjwa amepona.